Mkono wa Mama Righa Mdomoni Mwangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Hapana, hiyo amina imelala. Bwana asifiwe! Ee, hapo sasa nimesikia. Mimi nilikotoka ni mbali, na mtu aliyetoka huko haitikiwi na amina ya usingizi.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Mwadime, naimba sauti ya pili pale kwaya, na mkiona ibada imechelewa kwisha, mara nyingi ni kwa sababu nimepewa nafasi ya kushuhudia. Mchungaji anacheka, lakini anajua nasema kweli. Leo nivumilieni. Kuna jambo limenikaa kifuani, na nikitoka hapa mbele bila kulisema sitalala.

Ndugu zangu, mimi ni mgonjwa wa presha. Nasema wazi, sioni haya. Mama yangu mzazi alikuwa nayo, ikamlaza upande mmoja, akaishi miaka mingi mkono wake wa kulia umekaa tu mapajani. Nilimlisha mimi. Nilimwogesha mimi, nikamfunga leso, nikamfuta mate. Kwa hivyo siku nilipopimwa nikaambiwa na wewe pia unayo, maneno mengine ya daktari hayakuniingia. Nilikaa pale kwenye benchi nikiutazama mkono wangu huu, naukunja, naukunjua. Nikasema, Mungu wangu, kila kitu lakini si hivyo.

Mnajua tulivyoishi na hizo dawa. Nilikuwa nameza tembe tatu za namna tatu. Ukienda zahanati unakuta ya kwanza ipo, ya pili imeisha, ya tatu uje wiki ijayo. Ukienda wiki ijayo unakuta ya tatu imefika na ya kwanza ndiyo imeisha. Basi unameza ulichopata na unaomba Mungu ajazie. Presha yangu ikawa leo hivi, kesho vile. Kichwa kilikuwa kinagonga huku nyuma, jamani, mpaka nasikia kwenye meno. Siku moja nikiwa foleni ya maji damu ilinitoka puani, ikachirizika hadi kwenye mtungi, na wenzangu wakanikalisha chini wakipiga kelele.

Baba Mwadime akasema sasa imetosha. Yeye anafanya kazi Wundanyi, aliomba ruhusa, akateremka, akanipeleka kliniki ya presha kule Voi yeye mwenyewe. Hapo nilipata daktari mpole. Alinieleza pole pole kwamba presha yangu ni ya kichwa ngumu, haishikwi na dawa moja. Inataka dawa zaidi ya moja zikivuta pamoja, na siku hizi zinatengenezwa zikiwa zimeunganishwa ndani ya tembe moja. Akaniwekea hiyo tembe kwenye kiganja. Akasema, "Mama, zile zako tatu zote zimo humu ndani. Unameza hii moja kila asubuhi. Za zamani uziache kabisa." Nikasema asante daktari, na nikamaanisha.

Nikarudi nyumbani Sagalla na furaha yangu. Nilifanya alivyosema. Na nawaambia, kichwa kikaanza kuniachia. Nikaamka asubuhi nasikia ndege, sisikii tena ile ngoma kichwani. Laiti mambo yangekomea hapo, ushuhuda wangu ungekuwa mfupi na Mchungaji angefurahi.

Sasa nyinyi mnajua desturi yetu sisi akina mama wa ushirika. Mtu akiugua, hatumwachi. Tunamwendea, na hakuna anayekwenda mikono mitupu. Huyu ana mahindi, yule ana ndizi, mwingine ana kuni. Lakini kumbukeni kiangazi kilivyokuwa. Shambani hakukuwa na kitu. Mahindi yalikauka yakiwa hayajafika magotini, na kile kidogo kilichobaki ndovu walikula. Mama wa watu atakuja kumwona mgonjwa na nini?

Nitawaambia walikuja na nini. Walikuja na tembe! Nusu ya ushirika wetu tuna presha, si siri. Waliposikia kwamba mimi niliyekuwa nameza dawa tatu sasa nimepewa moja, walihuzunika sana. Mama Mwenyekiti wetu alishika mashavu. Akasema, "Wamekupunguzia! Kutoka tatu hadi moja, na ile damu ya puani? Hawa wamekunyima dawa." Nikamweleza kwamba zote ziko ndani ya hiyo moja. Akaichukua, akaigeuza, akaitazama huku na huku. "Hii? Hii ndogo hivi?" Wote wakatikisa vichwa. Basi mmoja akafungua pindo la leso akatoa tembe zake. Mwingine akatoa za kwake zimefungwa kwenye karatasi. Kila mmoja amejinyima kutoka kwa dawa yake mwenyewe, ili Mama Mwadime asipooze kama mama yake. Zilikuwa ni zile zile za namna tatu nilizoambiwa niache.

Ndugu zangu, ungekataa? Mtu amejinyima uhai wake akakuletea kwa mkono, na kwetu kukataa alicholeta mgeni ni kumtukana. Nilizipokea, nikazimeza, na nilishukuru. Na tangu siku hiyo Mama Mwenyekiti akawa anapita kila asubuhi akienda kuchota maji, anasimama mlangoni, anahakikisha nimemeza yangu ya kliniki na zile za wenzangu juu yake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Nataka hilo lisikike vizuri, hakuna.

Ila mtu mmoja alikuja mikono mitupu, na huyo ni Mama Righa.

Kwa wale wasiomjua, Mama Righa si mzaliwa wa huku. Alikuwa ameolewa upande wa Salaita, mumewe akafariki, akaja kukaa kwa kaka yake hapo chini karibu na tangi. Ni mtu wa maneno machache, na mimi, mnanijua, maneno yangu ni mengi, kwa hivyo hatukuwahi kuelewana. Tena tulikuwa tumegombana kwenye foleni ya maji, nikamwambia mambo, naye akaniangalia tu akaenda zake. Tulikuwa hatusalimiani. Sasa huyu akaja na wengine kuniona, akakaa karibu na mlango, hakutoa kitu. Alipoona zile tembe zimemwagwa juu ya meza, aliuliza swali moja tu. "Daktari wake anajua?" Wenzangu walimrukia! Kwamba yeye hana cha kuleta, basi anawakatisha tamaa walioleta. Akainuka akatoka. Nami nilisema moyoni, nenda, hata hukuitwa.

Zikapita siku. Nikaanza kusikia kizunguzungu. Nikiinama kuosha sufuria, nikiinuka naona nyota. Miguu ikawa kama si yangu. Jua lilikuwa kali, maji ya kunywa tunagawana kwa kikombe, na mojawapo ya dawa hizo kazi yake ni kukutoa maji mwilini, sasa mimi naimeza mara mbili bila kujua. Nilikuwa nakwenda chooni na kurudi, kwenda na kurudi, mdomo umenikauka. Nikawaambia wenzangu. Wakasema, unaona? Ni presha inapanda, ile moja ya kliniki haikushiki. Wakaniongezea nyingine ya jioni. Na hofu, ndugu zangu, hofu ya ule mkono wa mama yangu, ilinifanya nimeze kila nilichopewa na kusema asante.

Sasa nisikilizeni.

Siku hiyo ushirika ulikuwa nyumbani kwangu, mchana, jua liko utosini, na Mama Righa naye amekuja, amekaa pale pale karibu na mlango. Tumeimba, tumesoma neno, nikainuka nikatoe chai. Nilishika birika. Naikumbuka ile birika, ilikuwa nzito ajabu. Nikasikia masikio yanaziba. Nikaona nyumba nzima inaingia giza kutoka pembeni kuja katikati, nikafikiri, mbona jua limezama mapema? Halafu nikawa sakafuni.

Na hili ndilo lililonitesa, jamani: nilikuwa nasikia. Sioni vizuri, siwezi kuinua kidole, ulimi umelala, lakini masikio yako wazi. Nasikia birika inabingirika. Nasikia mtu analia jina la Yesu. Nasikia Mama Mwenyekiti anasema kwa sauti ya kutetemeka, "Presha imempanda! Presha imempanda! Leteni tembe zake haraka!" Nikasikia kopo langu la dawa linafunguliwa. Wakati ule nami niliamini imepanda. Nilisema moyoni, haya, ndiyo imefika, mkono wangu unakwenda. Nilijaribu kuukunja huo mkono na haukukunjika. Nililia bila machozi.

Mtu akaniinua kichwa. Mwingine akaleta kikombe, nikasikia ukingo wa bati unagonga meno yangu. Mama Mwenyekiti alikuwa na tembe kiganjani, tatu, nne, sijui, akanifungua mdomo kwa kidole gumba.

Ndipo mkono ukaja. Mkono mkavu, mgumu, unanuka sabuni ya kufulia, ukanifunika mdomo wote. Nikasikia sauti ya Mama Righa juu ya uso wangu. "Hamumpi."

Eeh! Mngesikia kelele za nyumba ile. "Toa mkono! Unataka afe? Ni kwa sababu ya foleni ya maji? Mchawi wewe!" Walimvuta kwa leso, leso ikapasuka, nikasikia. Walimvuta mkono, naye akaukaza zaidi, kucha zake zikaniingia hapa shavuni. Mimi nami niliamini kama wao. Nililala pale nikiwaza, huyu mwanamke ananiua mbele ya ushirika mzima, na siwezi hata kumuuma. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Pumzi yangu ilikuwa inapita puani kidogo kidogo, nikawa naomba, Bwana, mtoe huyu mtu, mtoe huyu mtu, mtoe.

Ashukuriwe Mungu asiyejibu kila ombi.

Mama Righa alikuwa analia sasa, mtu ambaye hatujawahi kumsikia hata akicheka. Akasema, na maneno yake nayakumbuka yote. "Mume wangu alianguka hivi hivi shambani Salaita. Nilidhani imepanda. Nilimpa tembe mimi, kwa mkono huu, nikamwambia meza baba Righa, meza. Tulipofika hospitali wakampima wakasema ilikuwa chini. Chini! Hakuamka. Sijui kama ni zile tembe, sijui mpaka leo, na hakuna usiku ninaolala bila kujiuliza. Kama mnataka kumpa huyu, nivunjeni mkono kwanza. Mpaka apimwe."

Mikono iliyokuwa inamvuta ikamwachia. Nilisikia Mama Mwenyekiti anahema. Halafu nikasikia kitu kidogo kinaanguka sakafuni, na kingine, na kingine. Alikuwa ameachia zile tembe.

Kutoka hapo Mama Righa ndiye aliyeamuru. Akasema nilazwe chali, miguu iwekwe juu ya kiti. Akasema mtu apigie simu jirani mwenye gari, ile probox. Njia ya mkato haikupitika, ndovu walikuwa wameshuka, ikabidi tuzunguke ile njia ndefu yenye mashimo. Kila shimo nilikuwa nasema moyoni, ndiyo hili. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Mama Righa na kila mara alikuwa ananigusa shingoni na vidole viwili, halafu anasema kwa sauti ya chini, "Bado. Bado yupo." Ndivyo alivyosema njia nzima mpaka Voi.

Hospitalini walinifunga ile mashine mkononi. Ikavimba, ikalegea. Wakaifunga tena mkono wa pili. Daktari aliangalia, akaita mwenzake, wakaanza kukimbia. Presha yangu ilikuwa imeanguka mpaka mashine ilikuwa inaitafuta. Ilikuwa chini, ndugu zangu! Chini, si juu! Wakanitundikia maji kwenye mshipa, mfuko mmoja ukaisha, wakaleta mwingine. Daktari akauliza nimemeza nini, na Mama Mwenyekiti, aliyekuja nasi garini, kwa ukweli wake akataja kila kitu. Yule daktari akakaa chini kidogo. Akasema dawa zangu tatu zilikuwa tayari ndani ya ile tembe moja, na juu yake nilikuwa nikimeza hizo hizo mara ya pili, siku baada ya siku, kwenye joto hili na bila maji ya kutosha. Akauliza, "Alipoanguka mlimpa nyingine?" Mama Mwenyekiti akasema hapana, tulizuiwa. Daktari akasema, "Aliyewazuia ni nani? Kwa sababu mngempa, pengine mngekuwa mnaulizia chumba cha maiti saa hizi."

Mama Mwenyekiti alilia mpaka wauguzi wakamkalisha. Mama Mwenyekiti, wewe uliyekaa hapo mbele, usiinamishe kichwa. Inua uso. Ulichoniletea kilikuwa upendo, na mimi sikudai chochote.

Niliamka. Vidole vya kwanza kusogea vilikuwa vya mkono huu wa kulia. Niliukunja, nikaukunjua, nikapiga kelele "Haleluya" wodi nzima ikageuka. Daktari alipoona nimepona vizuri alinirudishia ile ile tembe moja, kila asubuhi, peke yake. Na leo presha yangu imetulia, imekaa mahali pake, kichwa hakinigongi, na sauti ya pili mmeisikia wenyewe asubuhi hii. Mungu amenitendea, na ametenda kwa tembe ndogo hivi. Msimpunguzie sifa kwa sababu ametumia kitu kidogo.

Nyinyi wenye presha, nawasihi kwa machozi. Ukibadilishiwa dawa, uliza daktari nini kimo ndani na nini uache. Usimwonjeshe jirani dawa zako, usionjeshwe za jirani. Na mtu akianguka usimwambie imepanda. Hujui! Mpeleke akapimwe.

Hapo ningesema amina nikakae, na Mchungaji naona anashika kitabu cha nyimbo. Bado, Mchungaji wangu. Sijafika kwenye lile lililonileta hapa.

Nilipotoka hospitali nilidhani nitamkuta Mama Righa anabebwa juu juu. Nilikuta nini? Nilikuta wengine wanapita mbali na nyumba ya kaka yake. Foleni ya maji ikawa inanyamaza akifika. Nikauliza, nikanong'onezwa, "Si alisema mwenyewe? Alimuua mumewe na dawa." Mungu wangu! Yale maneno aliyoyatoa moyoni ili mimi nisife, ndiyo tumeyaokota tukamrushia nayo. Alikuwa amekaa nayo miaka yote, hakuna aliyejua, na angenyamaza siku ile angebaki na jina lake zuri, nanyi mngekuwa mmeshanizika.

Hajaja ibadani tangu wakati huo. Mnaona ile nafasi karibu na mlango? Sitaki mtu aniambie hamjaiona.

Nilimwendea peke yangu. Nilibisha hodi, akafungua kidogo, nikaanza kulia, na mimi, mwenye maneno mengi, nikakosa hata moja. Akanishika shingoni na vidole viwili. Akasema, "Bado upo," akafunga mlango.

Ndugu zangu, mnaniambia mnamtumaini Mungu. Vizuri. Mungu alinijia kwa mkono wa mtu niliyekuwa simsalimii, na nilikuwa nikimwomba auondoe. Nani kati yenu bado anaomba mkono wake wa wokovu uondolewe? Mwamini leo. Na ukimwamini, usimtupe yule aliyetumwa naye.

Mimi nikishuka hapa sirudi kwenye kiti changu. Naenda kwa Mama Righa, na safari hii nitabisha mpaka mlango ufunguke wote. Mama Mwenyekiti, naona umeshachukua leso yako. Wengine, mnangoja wimbo gani? Simameni twende.